Gari la Umeme Lililojua Kuteremka

Mamba, Alhamisi.

Kwako, nafsi yangu. Salamu. Madhumuni ya maandishi haya ni kueleza shaka yangu juu ya gari la umeme.

Wakala wa kiwanda alilifikisha huku mlimani likiwa juu ya lori, kisha akatuteremsha nalo hadi Ndungu, huko bondeni. Kwenye mteremko chaji ya betri ikaongezeka, wanakikundi wenzangu wa tangawizi wakashangilia.

Nikamwomba alipandishe tena mlima likiwa na uzito kama wa magunia yetu ya tangawizi.

"Mzee wangu, chesisi hii, mifupa ya gari, ni mpya, imebuniwa kwa ajili ya umeme," akajibu, asiliguse.

Mama Elia wa kikundini akanicheka: "Baba Nakijwa, hata simu uliikataa wewe!"

Kesho kikundi kinapiga kura kama tulichukue kwa kubadilishana na pikapu yetu ya dizeli, ambayo mlima haujaishinda. Nikipinga, nitachekwa tena. Nikinyamaza, na gari lisiweze kupanda, tangawizi itaozea huku juu.

Naomba uamue kabla sijalala: nisimame, au nikae?