Konzi Mbili za Lengalenga

Buffalo, Marekani, Septemba 2015

Mama Furaha,

Kapu lako la buluu sasa nalibeba mimi. Ungeniona ungecheka: mume wako, aliyefundisha hesabu kwetu Kongo, Uvira, miaka yote ile bila kujua mboga zinauzwaje, kila Jumamosi yuko sokoni karibu na ziwa, anabonyeza nyanya kama daktari.

Nina jambo la kukueleza. Usikasirike kabla sijamaliza.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga yako nilikwenda kwenye ile meza ya mwisho, ya bibi wa kizungu mwenye kofia pana. Nilitaka lengalenga, yale majani ambayo majirani zetu Watanzania huyaita mchicha. Alipima, nikalipa. Kisha akachota konzi mbili nyingine, akazitia kapuni bila neno. Nikashtuka. Hebu fikiri: mtu ameshapokea malipo yake, halafu anaongeza. Anataka nini? Nyumbani nilikagua jani moja moja dirishani. Mengi yalikuwa na matundu. Nikasema, nimemshika: anatutwisha mboga zilizomshinda.

Nikawaonya wamama wa kwaya baada ya ibada: "Kwa yule bibi msinunue." Unajua wanavyoniamini. Mwalimu akisema, imekwisha. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbali nikimchunguza, na sikuona mama wa kitenge hata mmoja mezani pake. Nilijisifu, Mama Furaha. Nikasogea kununua kidogo, kwa uchunguzi tu. Akaongeza tena. Nikazitoa zile konzi, nikamrudishia. Hakunitazama mimi. Alitazama kapu.

Juzi Mama Riziki, mwenzako wa sokoni, amerudi kutoka Louisville kwa mwanawe. Alipitia sokoni kwanza, kisha akaja kwetu, akakataa hata kukaa.

"Mwalimu, umefanya nini? Ile ni matabishi! Mke wako ndiye alimzoeza."

Matabishi naijua, tangu utoto. Kwetu mteja haondoki bila nyongeza yake. Lakini kutoka kwa mzungu, katika nchi ambayo hata ndizi hupimwa kwa mizani? Haikuniingia akilini. Ndipo akanisimulia jinsi ulivyokuwa ukilipa, kisha unaacha mkono wazi juu ya meza, huondoki, unatabasamu tu, wiki baada ya wiki, hadi bibi akaelewa. Kwamba mbegu za lengalenga ulimpa wewe. Yeye aliyajua kama magugu ya kung'oa. Kwamba yale matundu ni kwa sababu ulimwomba asinyunyize dawa.

Na mimi kila nilipokuuliza mbona kapu limejaa hivi, ulinijibu, "Wananijua." Nilidhani unajigamba. Usiku ule nilianza hata kukushuku wewe: kitu gani kingine ulinificha? Kisha nikaona aibu. Hukunificha. Sikuwahi kwenda nawe.

Lililobaki ni zito. Bibi amemwambia Mama Riziki kwamba mwakani hatapanda tena lengalenga, kwa kuwa wenyewe hawayataki. Na hakuna aliyemwambia kwamba umefariki; hata Mama Riziki ameniachia mimi habari hiyo. Kila wiki aliliona kapu lako mikononi mwa mwanaume mwenye uso mkali, akaongeza hata hivyo.

Kesho kutwa, Jumapili, nitasimama mbele ya kanisa niseme: nilikosea, na niliwakosesha. Wewe unajua hilo linanigharimu nini; katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kufuta jibu langu ubaoni mbele ya wanafunzi. Lakini kesho Jumamosi inatangulia. Nitampa habari zako kwa Kiingereza changu kibovu. Nitamwomba apande. Kisha nitalipa, niuache mkono wangu wazi mezani, nisubiri, nisiondoke.

Asiponipa, nitarudi wiki ijayo na kapu hilihili. Nakuahidi. Pumzika, mke wangu.

Baba Furaha