Taa ya Kumrudisha Kamanda

Jumamosi, 2 Machi

Nimekipata! Kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kina nyaya tatu kama masharubu ya mende. Unakichomeka katikati ya waya wa taa ya breki. Ukishika breki, taa ya nyuma haiwaki kivivu kama zamani — inapepesa! Pa-pa-pa-pa-pa, halafu inatulia, nyekundu, imekukodolea macho. Muuza vipuri anasema hata dereva anayechezea simu atashtuka. Nikamuuliza kama inaweza kumshawishi mwanamke. Akasema inategemea na mwanamke mwenyewe. Huyu atafika mbali.

Mwanamke mwenyewe ni mke wangu. Mimi namwita Kamanda, na sijawahi kuulizwa sababu na mtu aliyemwona. Tangu tulipogongwa nyuma pale njia panda, hapandi pikipiki yangu. Gari lilitugusa tu! Tukaingia mtaroni taratibu, kwa heshima zote. Lakini alipotoka, matope mpaka kwenye nyusi, alisema: "Kuanzia leo mgongo wangu si bampa yako."

Basi. Ikaisha hivyo. Miaka yote amekaa nyuma yangu, mikono kiunoni, akinielekeza njia ninayoijua. Sasa kiti cha nyuma kinajaa mavumbi, na yeye akitaka kwenda mahali anapanda gari la jirani, Mzee Usukani. Dereva mstaafu. Anapiga honi kwa adabu. Anamfungulia mlango! Mimi pikipiki haina mlango, nimfungulie nini?

Kesho nafunga kidude. Kamanda atarudi kwenye kiti chake, au nisiitwe mwanaume wa nyumba hii. (Siitwi hata sasa, lakini ni namna ya kusema.)

Jumapili, 3 Machi

Nimefungua kiti, nimefungua plastiki ya nyuma. Loo! Nyaya humo ndani zimesokotana kama ndugu wanaogombea shamba.

Kwenye taa zinaingia tatu. Mmoja wa taa ya usiku, mmoja wa breki, mmoja wa hasi. Upi ni upi? Shule niliiacha darasa la tano, na kama umeme ulifundishwa basi nilikuwa nje nimepiga magoti. Nikachagua uliokaa kibreki-breki. Nikakata, nikaunga, nikazungusha utepe mweusi. Nikafungua swichi —

Pa-pa-pa-pa-pa!

Inapepesa! Nikaruka, goti likalia. Halafu nikakumbuka sijagusa breki. Nikazima, nikawasha. Pa-pa-pa tena, yenyewe, kama inasalimia. Nikaminya breki: ikaongeza mwanga kidogo, kivivu vilevile kama zamani. Nimekata waya wa taa ya usiku!

Kamanda alikuwa dirishani anachambua mchele.

"Hiyo pikipiki inakukonyeza, mzee."

"Inanisalimia."

"Ikikujibu shikamoo uniite."

Akafunga pazia. Lakini alilifunga polepole, nimeona. Anataka kujua. Hana hamu nami, sawa, ila hamu ya kujua anayo!

Jumanne, 5 Machi

LEO!

Jana mvua, sikugusa kitu. Leo nimeamka na akili. Nimechukua globu ndogo, nikaifunga nyaya mbili, moja nikaibana kwenye chuma cha bodi, nyingine naigusisha waya mmoja mmoja. Huku nimepiga magoti, mkono mwingine unaminya pedali ya breki. Waya unaowasha globu pale tu ninapominya, huo ndio! Ulikuwa wa mwisho, bila shaka. Vitu vyangu vyote huwa vya mwisho.

Nikaunga waya wa juzi niliouonea, nikakata huu. Kidude katikati, hasi kwenye bodi. Nimelehemu safi kabisa, nimejichoma kidole kimoja tu. Nikapiga magoti tena, nikaminya pedali kwa kiganja.

Pa-pa-pa-pa-pa — nyekundu!

Nikaachia, nikaminya. Nikaachia, nikaminya. Ukuta wote wa uani unapepesa, kuku wamekimbilia nyuma ya pipa. Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa. Umri huu wote na bado kitaa kinanifurahisha kama mtoto aliyepewa filimbi!

Nikamwita Kamanda. Akaja, mikono ina unga. Akatazama. Nikampepesea mara kadhaa kwa madaha.

"Nzuri," akasema. Nzuri! Neno hilo mara ya mwisho nililisikia siku ya harusi, na lilikuwa juu ya viatu vyangu.

"Basi vaa kofia yako ngumu, twende hata mpaka dukani."

"Inapepesa imesimama uani, wewe umepiga magoti. Siku ile tuligongwa uani?"

 Anataka kuiona barabarani, kwa nyuma, kwa macho yake. Na atakaa wapi aione kwa nyuma? Kwenye gari la Mzee Usukani! Ameshampigia simu hata kabla sijafunga mdomo. Keshokutwa.

Haya. Na aje. Nitawapepesea wote wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika.

Nilichana ndevu. Nikavaa shati la kwendea misibani, maana ndilo lililonyooka. Nikatangulia, wao nyuma, Kamanda mbele kwa abiria kama waziri. Nikashika breki kwenye tuta. Nikashika njia panda. Nikashika mbele ya kinyozi, pasipo na sababu yoyote. Hata kipande cha gazeti kilichokuwa kinavuka barabara nilikipisha! Moyoni nasema, sasa wanashangaa humo ndani, sasa Usukani anatamani kuuza gari.

Nikatazama kioo. Kamanda amekunja mikono.

Tulipofika nyumbani nikashuka nimevimba kwa sifa.

"Mmeonaje?"

"Nimeona shati lako mgongoni," Kamanda akasema. "Lina doa la mafuta."

"Na taa?"

"Taa ipi?"

Nikamgeukia Mzee Usukani. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Anapenda kuchelewesha maneno, ndiyo maana alistaafu mapema. "Mzee mwenzangu," akasema, "haikuwaka. Si kupepesa tu. Haikuwaka hata kidogo. Ungekuwa umebeba mtu ningemgonga mimi mwenyewe."

Mimi! Nikapiga magoti hapohapo, shati la misibani na yote, nikaminya pedali. Pa-pa-pa-pa-pa! Imewaka! Nikaminya tena. Imewaka!

Usukani akakuna kichwa. "Labda inaogopa gari langu."

"Inaogopa sura yako," nikamwambia.

Kamanda hakucheka. Aliingia ndani. Baadaye nikamsikia kwenye simu na binti yetu, anasema baba yako afya njema, ila ile pikipiki sasa itabidi itafutiwe mtu. Itafutiwe mtu! Kama yatima!

Nimefungua kila kiungo nilicholehemu. Kila kimoja kizima. Sielewi. Nikiminya inawaka, nikienda haiwaki. Ina haya?

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Hapana — niseme ukweli, humu hakuna wa kunisikia. KAMANDA amepata!

Nimekaa chini asubuhi, taa iko mapajani, nyaya zimemwagika. Akaniletea chai. Hakuondoka. Akasimama ananitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua.

"Hebu nionyeshe unavyojaribu."

Nikapiga magoti, nikaminya pedali kwa kiganja. Pa-pa-pa.

"Hiyo ni breki ya mguu."

"Ndiyo."

"Barabarani unaikanyaga?"

Nikalitazama goti langu. 

"Tangu goti lako ligome huikanyagi," akasema. "Nimekaa nyuma yako, unadhani sijui? Ule mguu unakaa pale kama mgeni. Unavuta ya mkono tu. Kila ukivuta bega la kulia linapanda, mimi nafuata."

Mungu wangu! Nilishangilia taa ya breki nisiyoitumia! Tukaenda mbele kwenye usukani wa pikipiki wote wawili, nikavuta ya mkono. Nyuma, kimya. Giza. Nikafungua mkono wa breki. Chini yake kuna kijiswichi kidogo, kimejaa kutu ya kijani kama kidonda cha sarafu. Kimekufa siku nyingi. Kwa hiyo kila nilipofunga breki barabarani, nyuma hakukuwaka kitu.

Kamanda akahesabu haraka kuliko mimi. "Kwa hiyo yule dereva aliyetugonga. Aliposema hakuona taa..."

"Kunywa chai yako," nikasema.

"Chai ni yako. Na ulimwita kipofu."

"Nilimwita na mengine."

Akacheka! Alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. Kiti cha nyuma! Mkono wake ulikaa pale. Hata pumzi niliivuta kwa adabu.

Nimekisugua kijiswichi kwa msasa, nikakipuliza, nikakipaka mafuta kidogo. Nikavuta breki kwa kidole kimoja. Pa-pa-pa-pa-pa! Kwa kidole kimoja!

"Lete," Kamanda akasema. Akavuta mwenyewe, shingo ameipinda anatazama nyuma. Akaachia. Akavuta. Mara nyingi kuliko za kupima kitu. Mimi najifanya natafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwangu.

Halafu akajifuta mikono. Kesho anakwenda kumwona dada yake, akasema. Mzee Usukani atampeleka, wameshakubaliana.

Nikasema sawa.

Nimefuta mavumbi ya kiti cha nyuma lakini. Ni usafi tu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa juu ya pikipiki uani, daftari juu ya tangi. Najifanya nina kazi, asije akadhani namsubiri. Herufi zinacheza, ni injini. Kwa nini nimewasha injini? Kupasha moto. Inahitaji kupashwa.

Gari la Usukani limefika, liko getini. Honi moja, ya adabu.

Nimevuta breki. Kujaribu tu. Ukuta umepepesa.

Kamanda ametoka na mkoba wake na gauni la safari. Amefunga mlango wa jikoni, amevuta kitasa kuhakikisha, kama kawaida yake. Usukani ameshuka, amemfungulia mlango wa gari, anatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

Kamanda amesimama katikati. Hajaenda kule, hajaja huku.

"Mzee," ameniambia, "goti lako leo likoje?"

Nimesema halijambo. Ananiuliza nitavuta mkono peke yake au na mguu nitajaribu. Nimesema na mguu nitajaribu. Anasema hataki kasi. Nimesema kasi niitoe wapi, mimi na pikipiki hii tumezeeka pamoja. Anasema nyamaza.

Amerudi ndani! Kasahau nini?

Honi tena. Usukani anauliza kama aendelee kushika mlango. Nimemwambia ashike tu, mkono utapata mazoezi.

Ametoka. Kofia ngumu iko kichwani! Ile yake nyekundu, na bado ina tope la mtaroni pembeni. Mkanda hajaufunga. Anatazama gari. Anatazama kiti. Mkoba ameuhamishia begani, ule wa kushoto, ili mikono yote miwili iwe huru kunishika kiuno. Kiti cha nyuma kimelia, naacha kuandika!