Baiskeli za Betri Nilizoziona Kakamega, na Kwa Nini Usirudi Malava

Kwako Baba Mercy,

Shemeji amenifikishia ujumbe wako. Umesikia kwamba kampuni ya baiskeli za betri inatafuta karakana ya kutengenezea baiskeli zake upande huu wa Kabras, na kwamba Jumatatu wanakuja kwetu kuandikiana mkataba. Ghafla, baada ya miaka minne ya kimya huko Lumakanda, umekumbuka kwamba una karakana. "Mwambie mama Mercy aniwekee funguo," ndivyo ulivyomtuma. Nakujibu mbele za watu kwa sababu uliondoka mbele za watu, siku ya soko, baiskeli ya mteja ikiwa imepinduliwa mlangoni haina gurudumu.

Kwanza nikupunguzie hamu. Nilikwenda maonyesho yao mjini Kakamega, nikavaa nguo ya kanisani, nikaziangalia hizo baiskeli moja baada ya nyingine. Ni mbaya. Sisemi kwa wivu. Ya kwanza ina kioo kwenye usukani kinachokuonyesha unaenda kasi gani. Mtu anayepanda mlima na magunia mawili ya mahindi anajua kasi yake, magoti yanamwambia. Nyingine ina tairi lisilojazwa upepo, eti halipati pancha maisha yote. Nililibonyeza kwa kidole gumba. Gumu kama obusuma ya juzi, ugali uliolala. Pancha halitapata, kweli. Atakayepata ni mwenye kukalia.

Kulikuwa na kufuli inayofunguliwa kwa simu. Shikuku, yule anayebeba abiria pale stendi ya Malava, akamuuliza muuzaji, "Sasa boss, simu ikizima, hii nitaibebanga kwa kichwa?"

"Hapana, mzee. Simu unaichaji hapo hapo kwenye baiskeli."

"Hiyo yenye imefungwa?"

Watu wakacheka mpaka mama mmoja akaangusha kuku wake. Muuzaji naye akacheka, viatu vyake vyeupe havijui tope, kisha akahamia haraka kwa baiskeli ya watoto. Haina pedali. Mtoto anaisukuma kwa miguu, na wameitangaza kama ugunduzi. Ya Mercy ilikaa bila pedali miaka miwili, wewe ukiahidi kila Ijumaa kwamba utaleta, na hakuna mtu aliyetupatia zawadi.

Basi tukafika kwa ile wanayoileta kwetu, ya kubebea abiria. Kiti cha nyuma kirefu, kilichokatwa kwa mtu anayekaa miguu huku na huku kama askari kwenye pikipiki. Betri imening'inizwa kushoto. Niliitazama, nikakukumbuka wewe, na sikufurahi kukukumbuka.

Ulinibeba kutoka kwetu Matungu kwenda sokoni kabla hatujaoana. Nilikaa upande, miguu yote kushoto mbali na cheni, jinsi kila mwanamke wa kwetu mwenye sketi anavyokaa. Niliogopa kuanguka. Ukaniambia, "Wewe egemea tu, mizani ni mimi." Ukapinda mwili kulia njia nzima, shati limelowa mgongoni, ukawa unaimba vibaya ili nisisikie unavyohema. Huyo mtu nilimpenda. Sijui ulimpeleka wapi.

Muuzaji akauliza nani yuko tayari kujaribu kiti. Nikapanda, upande. Visigino vyangu vikagonga betri. Akasema, "Mama, geuka ukae sawa."

"Hapa wamama hukaa hivi, kijana wangu. Ukitaka nikae hivyo, ninunulie suruali kwanza."

Tukazungushwa uwanja, dereva wao hajui kupinda upande wa pili, mzigo wote umelala kushoto. Mzunguko wa tatu nikasikia gurudumu la nyuma linakwaruza breki. Nikamwambia simama, rimu imepinda, spoku nne zimelegea. Akaniuliza nimezionaje ilhali nimezikalia. Nikamwambia sikuziona, nimezisikia.

Hapo ndipo wewe unaingia, usijivune. Miaka tisa nilikushikia magurudumu ukiyanyoosha. "Shika, usiniangalie, utaniharibia mkono," ulikuwa ukisema, na wateja uliwaambia, "Huyu ndiye stendi yangu ya magurudumu," wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa nilikuwa na mikono miwili tu na yote ilikuwa imeshika kazi yako. Ulinikataza kuangalia. Kusikia hukunikataza. Spoku iliyokazwa sawa huimba ukiigonga kwa ukucha, iliyolegea husema "pwa" kama mtu aliyeamshwa. Hukunifundisha hata siku moja. Nilijifunza mgongoni mwako, na ulipoondoka wateja waliendelea kuleta baiskeli, nami nikaendelea kuzirudisha zimenyooka.

Nikaomba spana ndogo, baiskeli ikapinduliwa, nikapiga magoti kwenye nyasi na nguo ya kanisani. Watu wakazunguka. Nilipomaliza, mkubwa wao aliniambia, kwa heshima kabisa, "Asante, mama. Sasa mwambie mzee wako Jumatatu awepo, tunataka fundi mwenyewe atie sahihi."

Nikamwambia fundi mwenyewe amepiga magoti mbele yake. Akatazama gurudumu, akalizungusha kwa kidole. Halikugusa breki. Akatoa kalamu, akafuta jina lako kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo usije. Chumba cha karakana ni cha mama mwenye nyumba, na jina lililo kwenye karatasi yake ya kodi ni langu. Sizipendi baiskeli hizo hata kidogo, zitaharibika kila wiki, na kila zikiharibika zitaletwa kwangu. Mercy ukitaka kumwona, yuko shuleni, mlango wa shule unaujua. Karakana iache.

Kuna jambo moja sikumwambia shemeji. Pale kwenye nyasi, zikiwa zimebaki spoku mbili, niliinua kichwa nikawaangalia wale watu waliosimama, sura moja moja, mpaka wa mwisho kabisa nyuma. Nilijiambia napumzisha shingo. Nilikuwa nakutafuta, uone. Hukuwepo. Nikainama, nikakaza ya kwanza, nikakaza ya pili.

Kaa salama huko ulikochagua.

Mama wa mtoto wako,
fundi wa baiskeli, Malava