Kitufe cha Ndiyo

Jumatatu, 4 Agosti
Solda imenichoma kidole tena. Bodi ya sauti ya Baba ina vitufe vinne sasa, kila kimoja na mlio wake. Maji: mtungi ukijaa. Chai: thamosi ikimimina. Nje: komeo la geti. Niite: kikohozi changu.

Kiharusi kilimnyang'anya ulimi, akili kikamwachia. Jana nilimrekodia maneno kwa sauti yangu. Akaisukuma bodi ikaanguka. Nilikasirika. Halafu nikaona: mzee wa miaka sabini aombe maji kwa sauti ya binti yake? Hata mimi ningeitupa.

Jumatano, 6 Agosti
Baba Mdogo amekuja. Koito, sherehe ya posa, ni Jumamosi; watu wa Otieno, mchumba wangu, wanakuja kuniposa. Baba Mdogo hataki. Eti wazazi wa kijana ni wafanyakazi wa kiwanda, watu wa ziwa, hawana hata ndama. Atajibu yeye badala ya Baba.

Mama akamkumbusha kwamba Baba hutikisa kichwa. "Kichwa ya mgonjwa inajitingisha yenyewe," akamjibu. "Posa inajibiwa na sauti."

Namchukia. Nitatubu Jumapili. Sauti anataka? Atapata.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeongeza vitufe viwili. "La" Baba amechagua upesi: mbwa wetu akibweka. "Ndiyo" imenitoa jasho. Kengele ya kanisa, hapana. Vigelegele vya Mama, hapana. Makofi, akafumba macho kabisa.

Saa kumi akaelekeza fimbo barabarani. Tukajikokota hadi kituo cha kuuzia majani chai. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia tangu saa sita, majani yanashika joto, lori la kiwanda halionekani. Mara honi kwenye kona. Watu wote wakasimama, wakacheka. Baba akanigonga bega. Hiyo.

Simu ya kurekodia nilikuwa nimeiacha nyumbani. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudi kituoni peke yangu. Honi nimeipata, nzuri, ndefu.

Nabonyeza ndiyo, mbwa anabweka. Nabonyeza la, lori linapiga honi. Nimebadilisha majina ya faili mara tano. Bado. Kesho Baba atanikatalia mchumba mbele ya wazee, na mtambo nimeuunda mimi. Naogopa.

Saa kumi na moja jioni. Nimejua! Bodi haisomi majina. Hufuata faili iliyotangulia kunakiliwa kwenye kadi yake. Nimefuta kadi yote, nikanakili moja moja kwa mpangilio. Ndiyo: honi. Nimelia kama mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamekuja kumi na wawili. Baba Mdogo akaanza, akazunguka ukoo mzima. Alipofika "ndugu yangu hakubali," mbwa akabweka. Wazee wakageukia mlango. Akabweka tena. Hapo wakaona kidole cha Baba.

Shangazi wa Otieno akasogeza kiti mbele ya Baba. "Mzee wetu, huyu msichana mnatupatia?"

Honi. Ndefu. Wazee wetu wote ni wakulima wa chai, nusu yao wakainuka kabla ya kukumbuka wako sebuleni. Kicheko. Mama akapiga vigelegele. Baba Mdogo akaomba kikombe kingine cha chai. Sauti alitaka, sauti kasikia.

Mabega yangu yameshuka. Sikujua yalikuwa juu wiki nzima.

Jumapili, 10 Agosti
Mvua. Hatukwenda kanisani. Baada ya kifungua kinywa Baba alichukua bodi, akaipitisha mbele yangu bila kusimama, akamwekea Mama mapajani. Nilielewa. Nikiolewa, nani atamrekodia?

Nimemfundisha Mama asubuhi yote. Amefuta kila kitu mara mbili. Mara ya tatu amenakili kwa mpangilio, midomo ikihesabu. Baba akabonyeza chai. Thamosi ikalia, Mama akainuka kummiminia kabla yangu.

Imeniuma kidogo. Lakini sasa ninaweza kuondoka.