Zabibu za Gaara Dima na Mlango wa Mama Yako

Bulla Iftin,
Garissa.
9 Februari 2025

Mpendwa Liban, mtoto wa mjomba wangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Hamdi, na kwamba baridi ya Finland bado haijala masikio yenu. Naambiwa mwezi huu jua la huko huchungulia kama mgeni mwenye haya, likanywa chai yake likaaga. Sisi hapa tunalo la ziada na hatujapata wa kumgawia.

Mimi ni mzima, isipokuwa jino la nyuma ambalo hunikumbusha lipo kila nikinywa kitu cha moto. Mama yangu Sake anakusalimu. Magoti yake siku hizi yanatabiri mvua, na mpaka leo hayajapatia hata mara moja. Mama yako Fatumo ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonikalisha chini nikashika kalamu, kwa hiyo kabla hujaendelea tafuta mahali utulie.

Usishangae kupata karatasi. Ningekutumia sauti kwa simu, ingekufikia baada ya kusikilizwa na ukoo mzima, na wengine wangekuwa wameshaichangia maoni. Rahmo anasafiri Jumanne kurudi huko, ataibeba mkononi. Nimeigundisha kwa ile gundi ya kubandika vioo vya simu. Akiifungua, nitajua.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini mama yako hataki kuja kwenu wakati karatasi zake zote ziko tayari. Jibu alilokupa, kwamba nani atamfungulia baba yako mlango akirudi, wewe ulilichukua kama kisingizio cha mtu anayeogopa ndege. Mimi ninayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake nakuambia halikuwa kisingizio. Tangu baba yako, abti wangu Kanchora, alipoondoka na ngamia kwenda kaskazini, ule ukame wa 2011, komeo la mlango ule halijawahi kuingizwa. Hata ile miaka ya hofu ya mashambulizi, mji mzima ulipokuwa ukijifungia kabla ya magharibi, yeye aliurudisha mlango tu, akalala. Mwizi aliwahi kuingia akabeba redio. Mama yako alisema afadhali, hakugusa akala za Kanchora, vile viatu vyake vya mpira wa tairi, pale mlangoni.

Na kuna jambo sikukuambia, kwa sababu ulikuwa mbali na usingeweza kulifanyia lolote. Jioni, wakati wa magharibi, mama yako huitika. Anapima maziwa ya wateja, au anakunja jamvi, mara anainua kichwa na kusema "Naam?" kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemwita. Majirani walisema ni majini. Sheikh wa hapa mtaani alikuja kumsomea, akasoma vizuri, na alipokuwa akivaa viatu atoke mama yako akaitika tena. Sheikh aliharakisha.

Sasa zabibu. Mwezi wa Desemba, Alio yule muuza mboga wa Suq Mugdi alileta kreti la zabibu mbichi, akasema zimetoka upande wa Banissa. Watu walimcheka mpaka akakasirika. Mzee mmoja alimtaka aape kwamba ni za kula na si za kukamua mvinyo. Alio akaapa, akaeleza: nyuma ya Banissa kuna bonde liitwalo Gaara Dima, milima myekundu huku na huku, chemchemi katikati, na mizabibu iliyopandwa na mzee aliyejua kusoma nyota. Mzee mwenyewe alishafariki.

Nilitia moja mdomoni nikamkumbuka abti. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Baba yako ujana wake alifanya kazi katika mashamba ya mizabibu huko Ethiopia, akarudi na kijiti kimefungwa kwa kitambaa kibichi, akakipanda nyuma ya choo chenu. Kilitoa majani mazuri sana, na mbuzi wa jirani akayala yote kwa asubuhi moja. Abti hakumsalimia yule jirani mwaka mzima. Mbuzi alimsamehe mapema zaidi.

Nilipokupigia uliniambia mambo mawili: nenda ukaone, na mama asijue lolote kabla yangu. Nilikubali yote mawili. Sasa nakueleza nilivyotimiza moja.

Mama yako nilimwambia naenda Habaswein kutengeneza simu za mfanyabiashara fulani. Habaswein nilipita kweli, juu ya lori la sukari, kwa hiyo uongo wenyewe haukuwa mzima. Tukaenda Wajir, tukaenda Bute, tukafika Banissa nikiwa na rangi moja na magunia. Kutoka hapo nikachukua pikipiki.

Liban, sijui nikuelezee vipi bonde lile. Milima yake ni myekundu kama nyama iliyochunwa, na katikati kuna kijani ambacho macho yetu hayakuzoea, unakitazama kwa mashaka. Mizabibu imesimamishwa juu ya fito, safu kwa safu, na kuizunguka kuna boma la miiba. Nje ya boma hilo kuna boma lingine la miiba. Mbuzi hawezi kupita hapo hata awe na wakili. Nilisimama nikayatazama maboma yale mawili, nikamjua aliyeyajenga kabla mtu hajanitajia jina.

Kisha nikasikia ngamia wakiitwa kwenye maji.

Unajua kila mchungaji ana mwito wake, na ngamia hawaendi kwa mwito wa mwingine. Wa baba yako ulikuwa miluzi miwili mifupi, kisha "hoooo" ndefu inayoshuka, kisha jina la ngamia jike aliyempenda, Dalecha. Nilipokuwa mtoto niliuiga, akanizaba kofi, kwa sababu ngamia walikuwa wameanza kuja kwangu. Basi huo ndio niliousikia. Miluzi miwili, hoooo, Dalecha. Jua lilikuwa bado halijazama, watu wapo, mbwa wapo, na mimi nimeshika mti kama mlevi.

Alikuwa msichana, wa kama miaka kumi, na fimbo ndefu kuliko yeye. Ana lile pengo lako la meno ya mbele. Ngamia wakamfuata. Na kutoka nyumba za upande wa pili wa bonde mwanamke akapaza sauti kumwita aje nyumbani. Akaita, "Fatumooo!"

Milima ikalichukua jina la mama yako ikalirudisha mara mbili.

Nilipojitambulisha kwa wazee kwamba mimi ni wa ukoo wa Kanchora, nilipokewa kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Walichinja mbuzi. Wanawake walipita mmoja mmoja kuniangalia, mmoja akauliza kama meno yangu yote ni yangu. Nikaanza kuelewa: kwa desturi yao na yetu, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na mimi ndiye ndugu wa kwanza kutokea. Walikuwa wameshakubaliana mahari iwe nafuu. Mjane mwenyewe, Qabale, mama wa yule msichana, aliniletea maziwa akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya ngamia?" akaniuliza.

"Kwa zabibu," nikasema. "Mimi mtoto wa dada yake. Sina zamu katika urithi huo."

"Alhamdulillah," akasema, bila hata kuficha. "Umechoka kuliko yeye alivyokuwa."

Tulipatana kuanzia hapo. Baada ya swala ya isha tukakaa nje, wazee wakiwa karibu. Anga la kule halina vumbi wala taa ya mtu. Nyota ziko chini sana, na nyingi kiasi kwamba huthubutu kuzitazama muda mrefu. Qabale alinieleza kuwa Kanchora alifika kwao na ngamia mmoja jike, wengine wote wamekufa njiani, na kwa miezi hakusema neno. Baadaye akaanza kusema: siku za kuoa, siku za kuhama, mvua itakaponyesha, yote akiyasoma juu kama wazee wa kale. Watu wakampenda. Kila jioni aligeuka kusini akatafuta ile nyota kubwa ya Suheli inayotembea chini chini, akasema, "Ile iko juu ya mlango." Mlango wa nani hakusema.

Nikamuuliza kama hakuwahi kumhoji. Akajibu, "Mwanamume anayetazama kusini kila jioni ana mtu kusini. Sikuuliza. Angenijibu."

Jina la msichana abti alilichagua mwenyewe. Alimwambia Qabale ni jina la mama yake. Wewe na mimi tunajua bibi yetu hakuitwa hivyo. Nilinywa maziwa yangu. Qabale akaniangalia kwa namna ya mtu ambaye hajadanganywa.

Kaburi liko mwisho wa safu ya juu ya mizabibu, mawe yamepangwa vizuri, halijaota nyasi. Alikufa kwa kifua katika ule ukame wa mwisho, mwaka 2022, siku chache kabla ya mvua aliyokuwa ameitabiri. Nilimsomea Fatiha kwa niaba yako. Kwa nini hakurudi, Liban, hakuna aliyenipa jibu, na nimetafuta. Mama yangu anasema ni aibu: aliondoka na ngamia wa watu watatu akabaki na mmoja. Huenda. Mimi nilikaa pale juu asubuhi nzima nikitazama barabara, na inaonekana vizuri sana. Lori hupita.

Nimerudi Garissa nimeficha zabibu ndani ya mkoba wa vifaa, chini ya nyaya. Nilikuwa nimepanga niende nyumbani, nikupigie, unipe ruhusa. Mama yako alikuwa ameketi kwetu na mama. Nikamsalimu, akaitikia, akatazama chini.

"Habaswein siku hizi kuna udongo mwekundu?" akauliza.

Nilitazama viatu vyangu. Miaka yote hii najisifu kwamba naona mambo ambayo wengine hawayaoni.

"Udongo huo ni wa kaskazini, kwao Kanchora," akasema. "Angekuwa hai usingenificha. Alikufa lini?"

Nisamehe. Wewe mwenyewe usingeweza kumdanganya wakati huo. Nikamwambia. Hakulia. Akauliza kama alioa, nikasema ndiyo. Akauliza kuhusu mtoto, nikasema msichana mmoja. Akauliza jina. Nikakohoa. Mama yangu akasema, "Keinan, mtoto ana jina au hana?" Basi nikasema.

Mama yako aliisogeza chai yake kando. Kisha akauliza kama nimerekodi chochote, maana ananijua, hakuna jambo nisilolirekodi. Nilikuwa nimerekodi jioni ya pili kule, kwa ajili yako. Nikaweka simu juu ya mkeka. Miluzi miwili, hoooo, Dalecha. Mkono wa mama yako ulishika ukingo wa mkeka. Kisha sauti ya Qabale ikatoka, ya mbali, ikipita juu ya bonde: "Fatumooo!"

Na mama yako akaitika. "Naam."

Mama yangu akajifunika uso kwa shungi. Mama yako, Eedo kama nilivyozoea kumwita, akasema taratibu, "Ndiye huyo. Ndiyo sauti hiyo. Na ninyi mkaniletea sheikh."

Kesho yake alitaka kukaa eda. Sheikh akaulizwa, akasema kwa upole kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama habari zimechelewa, kwa hiyo ya kwake ilianza na kuisha zamani, yeye akiwa sokoni anauza maziwa, hajui. Hadaiwi chochote. Mama yako alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akampa maziwa. Alipotoka akasema, "Hiyo ni ya kwake yeye na vitabu vyake. Yangu inaanza leo." Ameingia ndani miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Kuhusu Finland amesema umuulize baada ya hapo, si kabla. Kuhusu yule mtoto ameuliza jambo moja tu: anavaa kiatu saizi gani. Fikiria jibu lako, maana ni dada yako.

Jioni ile ya kwanza nilimsindikiza mpaka kwake. Aliingia, nami nikasimama nje kidogo. Nikasikia komeo likivutwa. Lilikuwa limeshikwa na kutu, likakataa. Kisha nikasikia pigo, na jingine, la kitu kizito cha mpira, na nikajua ameokota akala ya baba yako. Akagonga hadi komeo likaingia.

Nisalimie sana Hamdi. Wanakusalimu mama yangu Sake na magoti yake, Alio wa mboga, na majirani wote ambao bado hawajui habari yote na wanateseka kwa hilo. Mwenyezi Mungu amrehemu abti Kanchora, akulinde ugenini, na atukutanishe kwa kheri. Ukija, usiingie kwa mama yako kama zamani. Bisha hodi.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,

Keinan