Mkono Alionituma Nao Mama

Ruiru,
Julai 1957

Kaka yangu mpendwa Ephantus,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Thika, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuacha. Sisi hatujambo, ila miguu ya Mama haijapona. Bado hatoki kitandani.

Jumapili Warigia alisimama kanisani kutubu. Alisema wazi kwamba ndiye aliyewaonyesha wapiganaji wa msituni, wale watu wa kiapo, mlango wetu, Baba alipokataa kula kiapo, wakamuua. Unaijua desturi: wa nyumba iliyokosewa ndiye wa kwanza kumshika mkono anayetubu, na kabla yake hakuna awezaye kwenda. Mama alijua. Asubuhi aliniambia kuwa, kwa vile miguu yake imegoma, ananituma na mkono wake, na nisiulegeze.

Sikuinuka, Ephantus. Nilikaa na Biblia magotini, mimi niliyewafundisha wasichana habari za Farao na kuwachambulia, kwa ufasaha wa Makerere, kama moyo wake ulifanywa mgumu na Mungu au na yeye mwenyewe. Sasa sijui. Najua tu kwamba sikuhisi mkono wowote ukinizuia. Warigia alingoja mpaka wimbo ukaisha, akarudi kuketi karibu na mlango. Mzee Muigai alininong'oneza akiuliza kama sisi wasomi tuna kanisa letu.

Nyumbani Mama aliuliza kama mkono wa Warigia ulikuwa baridi. Nikamjibu kwamba ulikuwa baridi, ukapata joto ndani ya wangu. Alilia kwa furaha, akaagiza Warigia aalikwe chai Jumamosi.

Nilikwenda kumwalika, nikalazimika kumweleza uongo wangu. Aliendelea kuchagua maharagwe, kisha akasema atakuja, na Mama hatasikia neno kutoka kwake. Akanitania kwamba aliyesimama mbele ya kanisa zima hashindwi na kikombe cha chai. Akaninyooshea mkono. Sikuushika. Safari hii haikuwa chuki. Niliona haya, ingawa pengine haya yangu nayo ni ugumu uleule.

Tafadhali omba kibali cha kusafiri uje Jumamosi. Nataka kumwambia Mama ukweli kabla Warigia hajaingia, na siamini kuwa nitaweza nikiwa peke yangu.

Msalimie mkeo na watoto. Mama naye anakusalimu, kwa furaha ambayo sistahili kuwa mjumbe wake.

Dada yako,
Waithira