Huda Aliyekataa Kupiga

Atieno wangu wa huko Jeddah,

Mimi ni mzima, ila jua la Riyadh limenibabua pua.

Huda, binti ya bosi ninayemfundisha besiboli, alikuwa akipiga kila mpira, hata uliopita juu ya kichwa. Nikamwambia, "Mbaya uache upite. Ikifika minne mibaya, unatembea bure hadi kituo cha kwanza."

Jana, tukiwa sare na vituo vyote vimejaa wenzetu, aliacha minne mibaya, akatembea hadi kituo cha kwanza, kila mwenzake akasogea kituo kimoja, na wa kituo cha tatu akafika nyumbani, yaani pale tunapopigia, tukapata pointi. Tukashinda.

Bosi akanijia amenuna. "Kocha, nilikuajiri apige, si atembee."

"Baba, si tumeshinda?" Huda akamuuliza.

Bosi akacheka, akaniongezea mkataba wa miaka miwili. Nilitia sahihi papo hapo, kabla ya kukuuliza. Najua harusi yetu ni Desemba. Nipigie, hata kama ni kunigombeza.

Wako mwenye haraka,
Silas